Kuchukua umbo la mtu hai kwa aljineti na POP

Aljineti inapakwa kwenye ngozi, bandeji za POP (plasta ya jipsamu) zinakuwa ganda juu yake, na ndani ya kalibu hiyo inamiminwa jipsamu ili kupata nakala ya mwili. Kazi ya kuchukua umbo la mwili wa mtu aliye hai ina saa mbili zinazokwenda kwa pamoja. Ya kwanza ni ya malighafi: tangu unga wa aljineti unapogusa maji, una dakika chache tu za kupaka kabla haujaganda. Ya pili ni ya modeli: shingo inachoka, magoti yanalegea, pua inawasha, pumzi inapanda. Kalibu nyingi zinazoharibika huharibika kwa sababu msanii aliikazia macho saa ya kwanza akaisahau ya pili. Haya ni kwa wachongaji, wanafunzi wa sanaa na mafundi wa maigizo wanaofanya kazi kwenye joto letu la pwani. Maelekezo mengi ya kazi hii yaliandikwa kwa ajili ya vyumba vyenye baridi, na ukiyafuata yalivyo ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, kila kitu kitakugandia mikononi.

Aljineti ni ule unga ambao madaktari wa meno huuchanganya na maji, wakaujaza kwenye kisinia na kukuambia uung'ate. Unatokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Watu wengi hudhani unatengenezwa kwa mwani wa Zanzibar, lakini mwani unaolimwa kule kibiashara tangu 1989, spinosum na cottonii, ni mwani mwekundu na hutoa karajinani, kitu kingine kabisa. Madaktari wa meno waliikumbatia aljineti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, agari ya kutoka Japani waliyokuwa wakiitumia awali ilipokatika. Wasanii wakaichukua kutoka kwao kwa sababu ina sifa ambayo hakuna kitu kingine cha bei yake kinayo: inashika hadi mistari ya kidole na vinyweleo vya ngozi, haina joto, haiumi, na ikishaganda inabanduka kwenye ngozi kama ganda la yai lililochemshwa.

Ni vizuri kujua inavyoganda, maana matatizo mengi yanaanzia hapo. Ndani ya unga kuna chumvi ya aljineti, kalisiamu salfeti na kiasi kidogo cha fosfeti. Maji yakiingia, kalisiamu inaanza kutoka, na fosfeti inaidaka kwanza. Muda wote huo uji unakaa laini na unapakika. Fosfeti ikiisha, kalisiamu inaanza kuzifunga nyuzi za aljineti, na hapo mambo yanageuka ghafla. Ndiyo maana aljineti haitoi onyo refu. Ikianza kuvuta kama ute wa bamia na kuacha michirizi nyuma ya kidole, ondoa mkono. Ukiendelea kuipaka wakati huo unakata nyuzi zinazojifunga, na utapata kalibu yenye makombo na nyufa usoni mwa mtu.

Makubaliano kabla ya unga

Modeli aambiwe kila hatua kabla hajavua shati: baridi ya aljineti, uzito wa ganda, giza la kufungwa macho, masikio kuziba na sauti kusikika kwa mbali. Uso mzima huchukua kama dakika 20 hadi 25 tangu aljineti inapogusa ngozi hadi kalibu inapotoka. Kiwiliwili cha mbele, kuanzia shingo hadi nyonga, huchukua dakika 35 hadi 45. Muulize kuhusu pumu, mzio, presha, sukari, mafua, na kama anaogopa kufungiwa sehemu ndogo. Mwenye mafua usimchukue uso siku hiyo, hata kama amesafiri kuja kwako: pua ndiyo njia yake pekee ya hewa. Avue lenzi za jichoni, hereni na kipini. Awe amekula, awe ameenda chooni.

Wekeni ishara za mikono, kwa kuwa hataweza kusema. Dole gumba juu ni "niko sawa". Kiganja wazi kilichoinuliwa ni "toa sasa hivi", na kikiinuliwa hakuna "subiri kidogo, dada, inakaribia". Unatoa. Unga unanunulika tena.

Modeli wa kike anayechukuliwa kifua au tumbo awe na mwanamke mwenzake chumbani, na ikiwezekana mikono inayopaka iwe ya mwanamke. Pazia, khanga ya kujifunika kabla na baada, mlango uliofungwa na simu zilizowekwa mbali ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ndoo na brashi. Mtu asiyekuwa na uhakika na sitara yake hukaza misuli, na misuli iliyokazwa inaonekana kwenye jipsamu.

Andikeni pia, hata karatasi moja ya kawaida: nakala ngapi zitatolewa, nani atabaki na kalibu, itaonyeshwa wapi, jina litatajwa au la. Bara letu lina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kati ya 1907 na 1924, James Drury wa Makumbusho ya Afrika Kusini mjini Cape Town alichukua maumbo ya miili ya Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, ili yawe vielelezo vya "aina" ya watu. Maumbo hayo yalikuja kuwekwa ndani ya onyesho lililofungwa mwaka 2001 tu, baada ya miaka mingi ya malalamiko. Mbinu ilikuwa hii hii tunayotumia. Kwa upande mwingine, huko South Bronx, New York, John Ahearn na Rigoberto Torres walianza mwaka 1979 kuchukua sura za majirani zao, wakifanya kazi mbele ya watu, na aliyekaa kama modeli akapewa nakala yake. Huo ndio utaratibu ninaousimamia: nakala moja nzuri ni ya mwenye mwili.

Maji ndiyo yanayoamua muda

Muda ulioandikwa kwenye mfuko wa aljineti hupimwa kwa maji ya nyuzi joto 20 hadi 23. Maji ya tangi la juu ya paa mchana wa Februari yanaweza kupita 30. Aljineti ya meno ya kawaida, ambayo kwenye maji ya mfuko ingekupa dakika mbili au tatu, hapo haitakupa nafasi hata ya kumaliza paji la uso. Kwa hiyo andaa maji usiku uliotangulia, yaweke kwenye friji, kisha siku ya kazi uyachanganye na ya bomba huku ukipima kwa kipimajoto cha jikoni.

Wengi wakishagundua siri ya maji baridi huipitiliza. Maji ya nyuzi 8 yanakupa muda mrefu, lakini modeli anatetemeka na ngozi inasimama vipele vya baridi. Aljineti inavinakili vyote. Kwenye titi au paja nakala inatoka kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na hakuna msasa utakaoondoa vipele bila kuondoa ngozi yenyewe. Kwa uso mimi hutumia nyuzi 18 hadi 20, kwa kiwiliwili 20 hadi 22, na kama muda bado hautoshi naongeza mikono, siongezi barafu. Watu wawili wanaopaka pamoja ni bora kuliko nyuzi tano za baridi.

Kabla ya modeli kukaa, jaribu kikombe kimoja kwa unga ule ule na maji yale yale, ushike saa. Mfuko uliofunguliwa mwezi uliopita kwenye unyevu wa pwani hauendi sawa na mpya: unaweza kuganda kwa mabakamabaka au usigande vizuri kabisa. Uhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Vipimo, kwa uzito. Aljineti ya meno kwa kawaida huchanganywa karibu sehemu 1 ya unga kwa 2 hadi 2.5 za maji. Huo ni uji mzito wa kukaa kwenye kisinia. Kwa uso unaweza kufika 1 kwa 3, ukapata kitu kinachofanana na mtindi mzito: kinateleza kwenye ngozi lakini hakichuruziki hadi shingoni. Aljineti zilizotengenezwa kwa ajili ya mwili hupokea maji zaidi, mara nyingi 1 kwa 4 au zaidi kidogo, na hukaa dakika 5 hadi 8 kabla ya kuganda. Hizo fuata mfuko wake. Uso hadi nyuma ya masikio unahitaji gramu 450 hivi za aljineti ya meno. Kiwiliwili cha mbele cha mtu wa wastani kinahitaji kilo 1 hadi 1.5 za ile ya mwili, yaani kama lita 5 hadi 7 za uji.

Mimina unga wote kwenye maji kwa mara moja, koroga kwa nguvu ukisugua madonge kwenye ukuta wa beseni. Kwa uji mwingi hivyo tumia drili yenye fimbo ya kukorogea rangi, mwendo wa polepole, kichwa cha fimbo kikae chini ya uso wa uji muda wote. Kikipanda juu kinavuta hewa. Sekunde 45 hadi 60 zinatosha; anayekoroga hadi donge la mwisho liishe anakuwa amekula nusu ya muda wa kupaka.

Uso

Nywele ndizo mtihani wa kwanza. Nywele ndefu, rasta au misuko ifungwe chini ya kofia ya kuogelea au nailoni laini, ukingo ubandikwe kwa utepe. Nywele fupi za kipilipili zinataka uangalifu kuliko nywele za singa, kwa sababu aljineti inaingia ndani ya vikunjo na kujifunga humo. Zijaze kandishina nzito hadi ziwe kama kitambaa kilicholowa, uzilaze kwa kiganja. Kandishina inaoshwa kwa maji baadaye. Nyusi, kope, masharubu na ndevu paka mafuta ya mgando, kidogo kidogo kwa kufuata uelekeo wa nywele. Kwenye ngozi tupu usipake mafuta mengi; yanajaza vinyweleo na kufuta kile ulichokifuata.

Mkao: kulala chali ni rahisi kwa msanii, kwa kuwa uji haudondoki, lakini mashavu yanaanguka kuelekea masikioni na uso unatoka mpana, wa mtu mwingine. Kukaa wima ndiko kunakobakiza sura, ila uji unateleza. Kiti kilichoegemezwa kidogo nyuma, kichwa kikiwa kimeshikiliwa na mto mgumu kisogoni, ndiyo suluhu ninayoiamini.

Anza juu ya paji na ushuke. Sukuma uji mbele ya vidole, usiubandike kwa makofi, maana kila kofi linafungia hewa. Kwenye pembe za ndani za macho, kando ya mabawa ya pua, kati ya midomo na nyuma ya sikio tumia brashi laini kwanza, upige safu nyembamba kabla uji mwingi haujafika. Macho yafumbwe kama mtu anayesinzia, yasikazwe. Mdomo ufungwe bila kubana.

Matundu ya pua yana mtu wake, na hana kazi nyingine. Anashika brashi ndogo iliyolowa na kijiti cha pamba, na macho yake hayatoki pale. Karne nyingi zilizopita mchoraji Cennino Cennini wa Italia alieleza kutia mirija ya shaba nyeupe au fedha puani, na hadi leo utaona watu wakitumia mirija ya soda. Siipendekezi kabisa. Mrija unapanua tundu na kuharibu umbo la pua, na mtu akiugonga kwa kiwiko unaingia ndani. Acha matundu wazi, upake hadi kwenye ukingo wake, na sehemu ndogo iliyobaki utaichonga mwenyewe. Modeli akitoa pumzi kwa nguvu tone linalotaka kuingia linaruka.

Aljineti ikikaribia kuganda lakini bado inanata, bandika juu yake nyuzi nyembamba za pamba ya hospitali, nusu ndani nusu nje. Hizi ndizo zitakazoishika kwenye ganda la POP. Ukisahau pamba, ganda litatoka peke yake na aljineti itabaki ikining'inia kama barakoa iliyolowa, na hutairudisha ilivyokuwa.

Kumbuka pia kwamba aljineti mbichi haishiki juu ya aljineti iliyokwisha kuganda. Ukikuta sehemu nyembamba na ya kwanza imeshafunga, ipake kwanza maji yenye soda ya kuokea, kijiko cha chai kwenye nusu kikombe, ndipo uongeze. Bila hivyo kiraka kitabanduka wakati wa kutoa.

Ganda la POP

Bandeji za POP, zile zile za kufungia mvunjiko, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Roli ya upana wa sentimita 15 na urefu wa mita 2.7 ndiyo inayonifaa. Uso: roli 2. Kiwiliwili: 6, na mbili za akiba. Zikate zote kabla, kwa mikono mikavu, mbali na maji: vipande virefu vya ukingo, vya wastani vya katikati, vidogo vya pua na kidevu. Vipange kwa mafungu, kwa sababu mikono ikishalowa hutaweza kukata tena.

Chovya, kamua kidogo, bandika, laza kwa kiganja hadi matundu ya kitambaa yajae. Anza na ukingo uliokunjwa mara mbili kuzunguka uso, kisha safu mbili za msalaba, kisha safu mbili nyingine. Nne zinatosha. Kwenye kiwiliwili ongeza mbavu mbili au tatu za bandeji zilizosokotwa, zikatishe kutoka upande hadi upande. Ganda lisilo na mbavu linafunguka likitoka mwilini, na nakala inatoka pana kwa sentimita mbili au tatu bila mtu kujua kwa nini.

Kuhusu joto nitasema bila kuzunguka. Jipsamu ikiganda inarudisha maji iliyopoteza kiwandani na inatoa joto. Safu nne za bandeji unaziona zinapata uvuguvugu tu. Donge nene la jipsamu linaweza kupita nyuzi 60, na kwa kuwa limeshakuwa jiwe, kiungo kilicho ndani hakitoki. Januari 2007, huko Lincolnshire, Uingereza, msichana wa miaka 16 aliingiza mikono kwenye ndoo ya jipsamu katika somo la sanaa na akapoteza karibu vidole vyote. Hakuna mkono, mguu wala uso unaoingia kwenye jipsamu ya kumimina, hata kwa dakika moja, hata ikiwa na mafuta. Vivyo hivyo silikoni ya tyubu ya kuzibia madirisha, ile yenye harufu ya siki, pamoja na saruji, chokaa na resini: havigusi ngozi.

Ganda likigongwa na kutoa mlio wa kigae, ni tayari. Modeli ainame mbele, wewe ukishika ganda kwa mikono miwili. Mwambie akunje uso, apulize mashavu, ainue nyusi. Hewa inaingia, unasikia kalibu ikijiachia, inatoka kuanzia paji. Usiivute. Mpe taulo yenye maji ya vuguvugu na muda wa kuzoea mwanga kabla ya kumuuliza chochote.

Kiwiliwili na pumzi

Uso haubadiliki sana kwa dakika ishirini. Kifua hubadilika kila sekunde. Modeli akivuta pumzi ndefu wakati aljineti inaganda, akaishusha baadaye, ngozi inaachana na kalibu na bandeji zinabonyea. Mfundishe mapema kupumua kwa ufupi: tumboni kama unachukua kifua, kifuani kama unachukua tumbo. Bandeji za mwisho zibandikwe pumzi ikiwa katikati.

Uzito ni adui wa pili. Aljineti na bandeji za kiwiliwili kizima hufika kilo 8. Matiti na tumbo laini hushuka na kubonyea chini ya mzigo huo, ndiyo maana nakala nyingi zinaonekana bapa kuliko mtu mwenyewe. Paka tabaka la sentimita moja, lisizidi, na uharakishe ganda lianze kujibeba lenyewe kutoka chini kwenda juu.

Mkao ambao modeli hawezi kuushikilia dakika 15 akiwa hana kitu mwilini usiujaribu. Anayesimama akunje magoti kidogo na awe na kitu cha kushika. Magoti yaliyokazwa hukusanya damu miguuni na mtu anaanguka akiwa ndani ya ganda. Dalili zinatangulia: jasho la ghafla, kimya, midomo kupauka, miayo. Ukiziona, kalisha na toa. Mjamzito usimlaze chali, hasa mimba ikipita miezi mitano, kwa sababu mji wa mimba unaubana mshipa mkubwa wa damu mgongoni. Mkalishe kwenye ukingo wa kiti kirefu akiwa wima, na ufanye kwa awamu ya haraka ukiwa na wasaidizi wawili. Kwa tumbo la mjamzito bandeji tupu juu ya mafuta ya mgando mengi zinatosha mara nyingi, kwani umbo ndilo linalotakiwa kuliko vinyweleo.

Kumimina

Aljineti iliyotoka mwilini imeanza kufa. Inatoa maji na kusinyaa, kuanzia kingo. Ndani ya saa moja iwe imeshamiminiwa. Chumba chenye feni, nusu saa. Ifunike kwa kitambaa kibichi huku ukiziba matundu ya pua kwa nje na udongo wa kufinyangia, na uilaze kwenye karai la mchanga lenye umbo lake ili isijipinde. Mpasuko mdogo unaunganika kwa supaglu.

Kausha kwa kugusagusa na pamba maji yaliyojikusanya ndani. Yakibaki yanachelewesha jipsamu na uso wa nakala unatoka laini kama chaki, unafutika kwa kidole.

Tumia jipsamu ya kumiminia, ile wanayotumia mafundi wa kona za dari, si ile ya kuzibia viungo vya mbao za jipsamu. Hiyo ya pili ina kemikali za kuichelewesha na ni dhaifu. Lita 1 ya maji hupokea kilo 1.4 hadi 1.5. Nyunyiza jipsamu kwenye maji, siyo maji kwenye jipsamu, hadi visiwa vikavu vibaki juu bila kuzama. Iache dakika mbili inywe. Kisha koroga kwa mkono wenye glavu ukiwa chini, taratibu, dakika mbili au tatu. Ndoo iwe safi kabisa: makombo ya jipsamu ya jana yanaanzisha kuganda kabla hujamimina hata kikombe. Maji ya chumvi hufanya vivyo hivyo, jambo linalowasumbua sana wanaotumia visima vya pwani.

Safu ya kwanza iwe nyembamba kama maziwa mazito. Imimine sehemu moja, izungushe kalibu ikimbie kila pembe, pulizia kwenye pua na midomo, mwaga iliyozidi. Rudia. Ikianza kushika ndipo uongeze unene kwa nyuzi za katani zilizochovywa kwenye jipsamu, kama mafundi wa dari wanavyofanya. Sentimita moja na nusu yenye katani ni imara kuliko sentimita nne tupu, na modeli ataweza kuibeba nyumbani.

Acha ipate joto na ipoe, kama saa moja. Toa bandeji, kisha chana aljineti kwa vidole. Haitumiki tena. Kama unataka nakala nyingi, hii ya jipsamu ndiyo utakayoitengenezea kalibu ya silikoni. Usimimine resini ya poliesta moja kwa moja kwenye aljineti. Unyevu unaizuia kukomaa na uso unabaki unanata.

Nakala ya kwanza ina vinundu na vishimo, na kila kimoja kinakuambia kilikotoka. Kinundu ni povu lililobaki kati ya ngozi na aljineti: kwangue kwa kisu chepesi. Kishimo ni povu la kwenye jipsamu: loweka, jaza. Mstari maradufu kwenye mdomo maana yake modeli alitabasamu au alimeza mate aljineti ikiwa inafunga. Bonde refu shavuni ni uji ulioteleza. Anayesoma kasoro hizi kwenye nakala mbili tatu anajua abadilishe nini mara ijayo bila kuuliza mtu.

Kuna wanaoamini kazi inaishia hapa, kwa kuwa mwili umejinakili wenyewe. Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alipoonyesha sanamu yake ya kijana mwaka 1877 alishutumiwa kwamba aliichukua moja kwa moja kutoka mwilini, na shutuma ile ilikuwa tusi. Mimi naona umbo lililochukuliwa ni malighafi tu. Macho yaliyofumbwa, mashavu yaliyobanwa na uzito, nyusi zilizolala kwa mafuta: vyote vinataka mkono. Kope fungua kwa kuchonga ukiwa na picha za modeli mkononi, nyusi rudishia mstari kwa mstari, pembe za midomo ziinue kiasi cha unene wa ukucha. Ukitumia mwanga wa kutoka ubavuni utaona papo hapo ulipozidisha.

Rangi ya ngozi yetu hupotea haraka kwenye mikono ya mtu anayechanganya nyeusi na nyeupe. Anapata kijivu, sura ya maiti. Ziba jipsamu kavu kabisa kwa gundi nyeupe iliyoongezwa maji mara nne, kisha anza na tabaka la rangi nyekundu ya udongo uliochomwa, juu yake kahawia nyembamba zinazopitisha mwanga, moja baada ya nyingine, na bluu kidogo sana chini ya macho na kwenye panja za uso. Viganja, midomo na masikio yaache yapumue nyekundu zaidi.

Na ndoo zako usizioshee kwenye sinki. Acha jipsamu igande, ibomoe, itupe kama kifusi. Maji ya kuoshea yaache yatue usiku kucha kwenye ndoo, mwaga ya juu, kwangua ya chini. Bomba lililozibwa kwa jipsamu halizibuki, hukatwa.